Nilimfuata Binti Yangu Engaresero

Ndugu msomaji, sina budi kuanza kwa kukiri kosa. Mwishoni mwa Septemba, mwaka 2022, nilifunga safari kutoka Tanga kwenda Engaresero, kijiji kilichoko kusini ya Ziwa Natron katika Wilaya ya Ngorongoro, nikiwa nimechukua mizigo mitatu. Wa kwanza ulikuwa kapu la chakula changu mwenyewe: samaki wa kukaanga, vitumbua na mikate ya kumimina. Wa pili ulikuwa zawadi kwa wenyeji, yaani ng'onda wa papa na nazi kumi. Wa tatu haukuwa na uzito wowote mkononi, lakini ndio ulionitoa nyumbani. Ulikuwa ni barua ya kuomba uhamisho, niliyoiandika mimi kwa hati nzuri kabisa, nayo ilipungukiwa na kitu kimoja tu, saini ya binti yangu.

Binti huyo ni kitindamimba wangu. Alipelekwa huko kufundisha shule ya msingi mwaka 2021, nami tangu siku hiyo sikupata usingizi mwema. Kila tulipozungumza kwa simu nilimwuliza, "Umekula nini, mwanangu?" Naye hunijibu bila kusita, "Kande, mama." Kesho yake, "Ugali na maziwa, mama." Mtondo, kande tena. Mtoto niliyemlea kwa wali wa nazi na mchuzi wa changu! Nikakata shauri kwamba mwanangu anataabika na hataki kusema, na kwamba mzazi mwenye akili haachi jambo kama hilo liendelee.

Usidhani kwamba mimi ni mtu wa kuchagua vyakula. Ndivyo nilivyojisifu miaka yote. Nimekula urojo pale Forodhani, Unguja, nikiwa nimesimama na bakuli mkononi. Nimekula viazi vya karai Mombasa juu ya kipande cha gazeti. Na mishikaki ya kando ya barabara kwetu Tanga naijua moshi wake hata kabla sijauona moto. Nilikuwa nikiwasimulia wanangu habari za miji ya Asia, Bangkok na Singapore, ambako watu wenye fedha zao hupanda ndege kwenda kukaa juu ya vigoda na kula tambi za wachuuzi, hata Desemba, mwaka 2020, shirika la UNESCO likautia utamaduni wa wachuuzi hao wa Singapore katika orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika. Nikisema, chakula cha kweli cha mji wowote kiko njiani, hakiko hotelini. Maneno mazuri. Ila sasa naona kwamba chakula cha njiani nilichokuwa tayari kukila ni kile tu chenye harufu ya pwani.

Basi lilitoka Arusha alfajiri. Tulipofika Mto wa Mbu, abiria waliteremka wakaenda kula wali na ndizi kwa nyama. Mji ule mdogo una watu wa makabila mengi, waliovutwa na maji ya mifereji, na majiko yao yanaonyesha hivyo: kila banda lina chungu cha kwao. Mimi nilibaki kitini nikila kitumbua. Nilinunua ndizi nyekundu tatu tu, kwa hoja kwamba ndizi huja imevaa ganda lake na mkono wa mtu haujaigusa. Kijana aliyeniuzia aliniambia, "Karibu tena, mama," kwa adabu ambayo sikuistahili.

Kutoka hapo barabara ilikuwa ya vumbi. Tukapita Selela, tukapita Engaruka, penye mabaki ya matuta ya mawe na mifereji ya wakulima wa kale waliopaacha mahali pale yapata karne ya 18. Lakini siku ile macho yangu hayakuwa na nafasi ya mambo ya kale. Mvua za vuli za mwaka 2021 zilikuwa haba, na masika yaliyofuata hayakutosha. Kando ya njia mizoga ya ng'ombe ililala kama magunia yaliyoanguka garini. Nilihesabu saba kisha nikaacha. Abiria mmoja, mzee wa Kimaasai aliyeketi mbele yangu, hakugeuza kichwa hata mara moja kuitazama. Nilidhani ameizoea. Baadaye nilifahamu kuwa ng'ombe wa mtu huyajua majina yao, na asiyetazama huenda anaogopa kumtambua mmoja.

Ol Doinyo Lengai ukatokea upande wa kushoto, mlima wa mita zipatazo 2,960, umesimama peke yake kama kichuguu kilichochongwa. Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Dunia ya leo haina volkano nyingine hai inayotoa uji wa moto wa namna ile, ambao ukiwa mbichi ni mweusi, kisha ukipata unyevu hugeuka mweupe. Ndiyo maana kilele chake huonekana kama kimemwagiwa chokaa. Ulipolipuka miaka ya 2007 na 2008, majivu yalifunika malisho. Mimi niliutazama nikasema moyoni, na mtoto wangu analala chini ya huu.

Tulifika alasiri. Joto la Engaresero, msomaji, si kama letu la pwani, ambalo hukutoa jasho kisha likakuletea upepo; hili ni kavu, hulamba midomo. Binti yangu alikuja kunipokea, na nilimkuta hakukonda hata kidogo. Jambo hili lilinisumbua, maana lilivunja nusu ya hoja zangu. Nusu ya pili ilivunjika nilipofungua kapu: samaki wameharibika, vitumbua vimechacha, na mikate imeota ule utelezi ambao kila mpishi anaufahamu. Tulivizika nyuma ya nyumba. Kwa hiyo sikuwa na chakula, na ilinipasa kula cha watu.

"Twende kwa Yeyo," alisema binti yangu.

Yeyo ni mama, kwa Kimaasai. Mwenye jina hilo alikuwa mwanamke wa makamo yangu, mwenye banda la fito na mabati karibu na barabara, mafiga matatu, mabenchi mawili, na sufuria moja kubwa iliyopikia kijiji kizima. Watoto walikuja wakiinamisha vichwa niwaguse utosini, ndiyo shikamoo yao. Walikuwapo vijana wa kuongoza watalii, dereva wa lori, na wazee wawili; wote wakinywa chai ya rangi. Mimi alinikaribisha kitini, akaingia ndani, akatoka na kibuyu kirefu chenye kifuniko cha ngozi, akanimiminia maziwa mgando kikombe tele. Harufu ya moshi ilinipanda puani. Ndani ya maziwa niliona vijichembe vyeusi.

Nilisema, "Ahsante, dada, nimeshiba."

Tazama ubaya wa uongo huo. Nimetoka safarini, midomo imekauka, na chakula changu wameniona nikikizika. Yeyo hakusema neno. Alikichukua kikombe, akakirudisha kibuyuni pole pole bila kumwaga tone, akanipa chai ya rangi kama wengine. Nami, ili kuisafisha hali, nikamtolea zawadi yangu ya ng'onda. Aliushika ule ufunguo wa mapishi ya pwani kwa vidole viwili, akaunusa, akaupeleka mbali na uso kama mtu aliyeshika nyoka, na vijana wakaangua kicheko. Kwa mila ya Wamaasai samaki si chakula. Hilo nilikuwa nikilijua, nililisoma shuleni tangu utoto. Lakini kulijua jambo na kuliona likitendewa papa wako ni mambo mawili. Nilikasirika, msomaji. Nilikasirika kweli kweli, kwa nini mtu akatae zawadi ya mgeni aliyeibeba kutoka baharini! Haikunijia kabisa kwamba dakika tano nyuma yake nilikuwa nimefanya lilo hilo.

Usiku, tukiwa tumelala, binti yangu akasema gizani, wala hakusema kwa kunilaumu:

"Mama, yale maziwa ya Yeyo alikuwa ameyachemsha. Nesi wa zahanati aliwafundisha, nao hufanya. Vile vyeusi ni mkaa wa mzeituni mwitu. Wanausugulia kibuyu ndani ili maziwa yasiharibike."

Nikanyamaza. Hofu yangu haikuwa ya upuuzi mtupu, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na homa ya brusela, na kila mama anapaswa kuyachemsha. Lakini sikuwa nimeuliza. Mwenye hofu ya haki huuliza.

"Na walikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja," akaendelea. "Wamebaki wanne. Anayekamuliwa ni mmoja. Hiyo leo ilikuwa sehemu ya mjukuu wake."

Sikujibu, naye akaendelea kunieleza mambo ambayo katika simu zetu zote hakuyataja. Kwamba miezi ya mwanzo, kabla mshahara wake wa kwanza haujaingia, alikula bandani pale kwa daftari. Na alipokwenda kulipa, Yeyo alikuta kurasa mbili zimeliwa na mbuzi, akasema basi hizo zimelipwa na mbuzi. Kwamba alipougua malaria ni mama huyo aliyemletea uji usiku akiwa na tochi mdomoni. Barua yangu ilikuwa mkobani, mkoba ulikuwa chini ya kichwa changu, na ninakuambia ule mto ulikuwa mgumu.

Alfajiri niliamka kabla ya binti yangu nikaenda bandani peke yangu. Sikuomba radhi kwa maneno, maana sikuyapata. Nilikaa chini nikavuta ungo nikaanza kuchagua maharage. Yeyo alinitazama kidogo, kisha akanisogezea na ungo wa mahindi. Ndivyo tulivyopatana.

Hapo nilijifunza kande la Engaresero. Mahindi na maharage mengine hutoka mashamba madogo ya pale pale, yanayonyweshwa kwa mifereji kutoka mto utokao katika korongo la ukuta wa Bonde la Ufa. Maji matamu yanayokwenda kufia katika ziwa chungu. Huloweka usiku, hubandika kabla ya jua, na maji yakishachemka Yeyo hutia kipande cha magadi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Magadi haya, msomaji, nimeyanunua sokoni Tanga maisha yangu yote kwa ajili ya kisamvu na maharage makavu, na sikuwahi kuuliza yanatoka wapi. Sasa niliyaona kwa macho: ziwa zima limepasukapasuka kwa ganda jeupe na jekundu, maji yake ni ya kuunguza ngozi, na juu yake heroe kwa maelfu. Ndiko heroe wadogo wengi wa Afrika ya Mashariki wanakozalia, kwa kuwa adui hathubutu kukanyaga tope lile. Miaka ya 2006 hadi 2008 palikuwa na mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi ziwani, ukapingwa kwa ajili ya ndege hao, ukaachwa. Yeyo hana haja ya kiwanda. Kipande chake kimefungwa katika kona ya khanga, na hukitumia kwa ubahili mkubwa: magadi yakizidi, alisema, kande huwa na ladha ya sabuni. Nami nikaongeza kutoka kwangu kwamba yakizidi huharibu pia vitamini za maharage. Alifurahi kusikia kwamba ubahili wake una sababu ya kitaalamu.

Kande lile lilikuwa zuri. Sina namna ya kulisema kwa mapambo. Punje zilikuwa laini lakini hazikuvunjika, mchuzi mzito, chumvi kidogo, kitunguu cha Mang'ola kilichokaangwa kando na kumwagwa juu. Nililila nikiwa nimekaa kwenye benchi katikati ya dereva wa lori na kijana mwenye rungu, goti kwa goti, na dereva akanipa pilipili yake bila kuombwa. Nilirudia sahani ya pili.

Siku ya tatu wanaume walichinja mbuzi chini ya mgunga. Sisi wanawake tulikaa mbali, kwa kuwa morani hali nyama iliyotazamwa na mke wa mtu, mila ambayo mimi niliiona ya ajabu na Yeyo akaiona ya manufaa, akisema, "Acha wapike wao, tupumzike." Tuliletewa sehemu yetu, na supu iliyochemshwa kwa magome ya kiloriti, kali, yenye ukakasi wa kukunja ulimi. Ukiuzoea ukakasi huo, ndugu msomaji, supu ya hotelini utaiona kama maji ya kuoshea vyombo. Naomba wenye hoteli wasinichukie.

Jioni ile binti yangu alinipeleka kuona nyayo. Karibu na ziwa pana uwanda wa majivu ya volkano yaliyoganda kuwa jiwe, na juu yake zimo nyayo zaidi ya 400 za binadamu wa kale. Wataalamu wanazikadiria umri wa kati ya miaka 5,000 hivi na 19,000. Katika taarifa waliyoitoa mwaka 2020 walisema kwamba kundi moja la watu 17 lilipita pamoja, na kwa kupima vikanyagio wakaona kwamba huenda 14 kati yao walikuwa wanawake. Wakakisia kuwa walikuwa katika kutafuta chakula, kama wafanyavyo hata leo wanawake wa Kihadzabe kule Eyasi. Nilivua viatu nikasimama kando ya nyayo mojawapo. Mguu ulikuwa kama wangu. Nikajiuliza walikuwa wamebeba nini, na kama miongoni mwao alikuwapo mmoja aliyefuata binti.

Siku ya nne nikajipa moyo nikamwambia Yeyo, "Dada, lile kombe la siku ya kwanza, leo nalitaka."

Akatikisa kichwa. "Leo hakuna, Mama Mwalimu. Ng'ombe amekauka tangu jana."

Alisema hivyo kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Mjukuu wake, kiasi cha miaka mitatu, alikuwa ameketi mlangoni analamba kijiko kitupu.

Ndipo nilipozikumbuka nazi. Zilikuwa bado gunia zima chini ya kitanda, maana baada ya aibu ya ng'onda sikuthubutu kuzitoa. Nikamtuma kijana mmoja, "Niazimie mbuzi, baba, nataka kukuna." Akaenda mbio, akarudi anamburura beberu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, nami nikawa natafuta namna ya kumweleza mtu wa Engaresero, kijiji chenye mbuzi wasiohesabika, kwamba mbuzi ninayemtaka mimi ni wa mti, ana ulimi wa chuma na hukaliwa mgongoni. Mwisho tulitoboa kopo kwa msumari tukalitumia upande wenye makali. Vidole vyangu vilichunika. Nikakamua tui la kwanza zito, nikalitia katika sufuria ya kande likiwa karibu kuiva, nikalikoroga lisikatike.

Yeyo alionja. Akafumba macho. Akaokota kifuu, akakigongagonga, akachungulia ndani yake.

"Kumbe nyinyi," akasema, "ng'ombe wenu hawahitaji majani."

Nazi zile zilikwisha kwa siku tatu. Hazikuwaponya ng'ombe wala hazikuleta mvua, na nisingependa udhani kwamba nilikiokoa kijiji kwa nazi kumi. Njaa ya mwaka ule ilikuwa kubwa kuliko kapu la mtu. Lakini kila asubuhi mtoto yule alipata kikombe chake, tui jepesi lililochemshwa na sukari kidogo, na bibi yake alimnywesha yeye mwenyewe.

Siku ya kuondoka, nikisubiri basi, binti yangu aliniuliza, "Mama, ile barua uliyokuja nayo iko wapi?" Sikuwa nimemwambia habari zake. Alikuwa ameiona wakati akitafuta sindano mkobani, akaisoma, akairudisha. Nilimpa. Hakuitia saini wala hakuichana. Aliigeuza upande wa nyuma, akatoa kalamu ya shule, akamwita Yeyo, akaandika kwa Kiswahili yale aliyotamkiwa: namna ya kupika loshoro. Mahindi yaliyokobolewa yachemshwe hadi yalainike kabisa, yasitiwe mafuta. Yaachwe yapoe. Yatiwe maziwa mgando, yasiwe ya jana, yawe ya siku tatu. Yakorogwe kwa mwiko mmoja, mtu mmoja. Mgeni apewe kwanza.

"Na maziwa yakikosekana?" niliuliza.

Yeyo akafikiri. "Usipike. Ungoje."

Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua zilikuja, nyingi hata barabara zikakatika. Ilipofika mwezi wa Februari, mwaka 2024, utingo wa basi alinipigia simu nikachukue mzigo kituoni. Kilikuwa kibuyu, kimefungwa kwa kitenge, na kifuniko chake kimezungushiwa uzi mara nyingi. Majirani walinusa wakauliza ni kitu gani kinanuka moshi. Nilikimimina mbele yao katika kikombe, vijichembe na vyote, nikanywa nikiwa nimesimama pale pale ukumbini.

Nazi ishirini ziliondoka Tanga Jumatatu iliyofuata, pamoja na mbuzi mmoja wa kukunia, mpya, ambaye utingo alimwandika katika karatasi yake ya mizigo kama kigoda.